Mizani ya Adalbert Sokoni Kadutu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa ziwa bado haujaachia vilima vya Bukavu, Adalbert Bisimwa anachuchumaa mbele ya maharagwe ya Maman Feza katika soko la Kadutu. Ananunua fungu moja kwa faranka tano, analimimina ndani ya kopo la bati, analining'iniza kwenye mizani yake ya ndoano.

"Papa Adalbert, maharagi yangu iko mugonjwa?" Maman Feza anamtania. "Kila juma unaipima sawa mutoto wa dispensaire!"

Wanawake wanacheka. Adalbert anacheka nao, kisha anaandika: gramu 560. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu wa 1957, fungu hilo hilo lilikuwa gramu 720.

Yeye ni karani wa serikali. Hukusanya bei za vyakula, na ofisi huzitazama inapopanga mishahara ya vibarua. Fomu inauliza bei tu. Bei ikisimama, mshahara nao unasimama, hata fungu likipungua.

"Gunia ya kutoka Nyangezi imepanda bei," anaeleza Maman Feza. "Nikiongeza bei, watu wanakimbia. Nikipunguza fungu, wananyamaza."

Adalbert ana miaka thelathini na minne, watoto watano na mshahara wa faranka 1,900 kwa mwezi. Alianza akiwa tarishi, akajifunza jioni baada ya kazi. Sasa yeye ndiye anayeongoza shule ya jioni katika ukumbi wa parokia. Vibarua thelathini husali kwanza, halafu hufundishwa hesabu na uchumi kutoka kitabu kimoja.

"Université yetu iko na lampe moja na mabenchi sita," husema Isidore, mwashi, mwanafunzi wake. "Lakini recteur, mukubwa wa chuo, tunaye!"

Mwezi wa saba Adalbert anataka kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu cha Élisabethville, asomee uchumi. Anahitaji barua ya mkubwa wake wa kazi. Mwezi uliopita aliandika uzito wa fungu pembeni mwa fomu, kwa penseli. Mkubwa aliufuta kwa raba.

"Bei ni faranka tano, andika faranka tano," alimwambia. "Fomu ikija safi, nitatia sahihi barua yako."

Leo ndiyo siku ya kupeleka fomu.

"Nilisali siku tisa, niipate ile barua," Adalbert anamwambia Maman Feza taratibu. "Siku ya tisa nikaona haya. Nilikuwa ninamwomba Mungu anisaidie kuficha gramu mia moja na sitini."

Anafungua kalamu yake. Safari hii anaandika uzito kwenye fomu kwa wino.

Akinyimwa barua, atakiandikia chuo yeye mwenyewe na kupeleka daftari lake la vipimo vya miezi mitano. "Wakikataa, nitaandika tena mwakani. Nikimaliza kusoma, nitarudi. Siku moja Bukavu itakuwa na chuo kikuu chake, na Mungu akinijalia, nitakiongoza."

Maman Feza hacheki tena. Anasogeza fungu la viazi.

"Basi, Recteur, pima na hii. Nayo imekonda."