Maji ya Arvil Cogar

Arvil Cogar hakuwa mtu wa kutangulia. Hata mezani alisubiri mkewe Dessie na watoto wapakue kwanza, ndipo aje yeye achukue maharage yaliyobaki na kipande cha mkate wa mahindi. Mgodini vilevile. Miaka yote aliyochimba makaa ya mawe kule Virginia Magharibi, migomo ilikuja na kupita, naye aligoma pamoja na wenzake. Lakini kuuanzisha mgomo, hapana. "Aanzaye ndiye apigwaye," marehemu baba yake alimwambia siku alipomkabidhi sururu, na Arvil akaliweka neno hilo moyoni.

Na kuanzisha mgomo huko hakukuhitaji hotuba, wapenzi wangu. Kila mchimbaji alikuwa na ndoo yake ya bati, maji chini, chakula juu. Maji hayo ndiyo ya kunywa zamu nzima, ndani kwenye vumbi. Basi mtu akichoshwa na jambo, alisimama mlangoni pa mgodi mbele ya wenzake, akamwaga maji yake chini. Wenzake wakikubali, nao humwaga. Bila maji hakuna kuingia, wote hurudi makwao. Ila nyapara naye ana macho, na jina la aliyeanza halikusahaulika ofisini.

Majira ya baridi ya mwaka 1969, habari ilikuwa moja tu bonde zima: pumzi. Wanaume waliokuwa na vifua kama milango walishindwa kupanda ngazi za baraza zao. Daktari wa kampuni aliwaambia ni sigara, au pumu, au woga. Wao walitaka sheria, mapafu yaliyoharibiwa na vumbi yatambuliwe kuwa ni madhara ya kazi, kama mguu uliokatwa na mashine. Mswada ulikuwa bungeni mwa jimbo ukipigwa danadana. Migodi mingine ilikwisha simama. Wa akina Arvil ulikuwa bado.

Jumapili Arvil alikwenda kumwona Lonzo Peery, mwenzake wa kuchimba naye tangu ujana. Siku hizi Lonzo alilala amekaa kitini, maana akijinyoosha tu pumzi inakata.

"Mmegoma?" Lonzo akauliza.

"Bado."

"Mnangoja nini, kadi ya mwaliko?"

"Tunangoja mtu aanze."

Lonzo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Alipotulia akasema, "Wewe ndugu yangu, hata kufa utangoja mwenzio atangulie."

Pensheni ya Arvil ilikuwa karibu kuiva. Akifukuzwa kabla, yeye na Dessie wangebaki mikono mitupu. Tena yeye mwenyewe alikuwa anakohoa, ila alikoholea bafuni, bomba likiwa wazi, Dessie asisikie.

Kesho yake asubuhi barafu ilikuwa imeganda mlangoni pa mgodi. Watu wamejipanga kungoja vigari vya kuwaingiza ndani. Ghafla kikohozi kikamkamata Arvil. Akajikunja, mguu ukateleza, goti likapiga barafu na ndoo ikamponyoka. Kifuniko kikaruka huko. Maji yakatambaa mpaka kwenye viatu vya watu.

Sauti ikatoka nyuma: "Arvil kamwaga!"

"Nani?"

"Arvil Cogar! Jamani, leo Arvil!"

Hapo ikasikika sauti ya maji, ndoo baada ya ndoo, mstari mzima.

Nyapara Burl Massie alikuwa ameona kila kitu. Hakuwa mtu mbaya. Naye aliwahi kupakia makaa kwa koleo. Akamshika Arvil kwapani, akamwinua, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nimekuona. Umeteleza. Waambie tu umeteleza, wakajaze maji bombani, tuingie. Mimi ofisini sitamwambia mtu."

"Burl, maji yakimwagika hayazoleki!" akadakia mmoja mwenye domo.

"Funga bakuli lako, sijakuuliza wewe. Haya, Arvil?"

Na kweli alikuwa ameteleza. Arvil alikuwa shemasi kanisani, mtu ambaye uongo hata mdogo ulimkwama kooni. Ukweli siku ile ungemwachia kazi yake, pensheni yake, na usingizi wa Dessie. Akawatazama wenzake waliosimama na ndoo tupu, wakimngoja. Akamwona Lonzo akilini, kitini usiku kucha, akiivizia pumzi.

"Nimemwaga, Burl."

"Arvil, fikiri…"

"Wapelekee jina langu. Nimemwaga mwenyewe."

Dessie alishangaa kumwona anarudi asubuhi. "Wanasema umeanzisha mgomo. Wewe?"

"Niliteleza, mama."

"Na ukawaambia?"

"Nikawaambia nimemwaga."

Dessie akakung'uta unga mikononi. Kisha akavaa koti akaenda kwa jirani kuulizia kazi ya kupika shuleni.

Siku zile wachimbaji walimiminika mji mkuu wa jimbo, maelfu kwa maelfu, wengine wakipumzika kila baada ya hatua chache. Mwezi wa Machi bunge likaupitisha mswada, gavana akatia saini. Lonzo walikuwa wamemzika wiki moja kabla. Wenzake Arvil walirudi kazini. Yeye aliambiwa nafasi yake haipo tena.

Jumapili ya kwanza baada ya saini, kanisani walimpigia makofi. Arvil akapita kiti chake cha shemasi bila kukigusa, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Mchungaji alipomfuata kumuuliza, alisema tu, "Niache kidogo, mchungaji." Hakuna aliyeelewa. Dessie akainuka mbele alipozoea kukaa, akatembea katikati ya watu wote wakimtazama, akaketi kando ya mumewe.