Kiganja cha Minza

Minza alipasua sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, na pumu ya ngozi ikampasua viganja. Kila aliyemsalimia alipewa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu, hata Jumapili kanisani!

Maduka ya dawa ya watu binafsi yalipochipuka mjini, muuzaji mmoja, Bhumika, alimwambia, "Mama, krimu hii paka kidogo tu penye mabaka. Mafuta ya mgando ndiyo upake bila uchoyo."

Weee! Muwasho ukakoma, mipasuko ikafunga! Jumapili Minza akawahi mlangoni pa kanisa, akimpa mkono kila aingiaye. Mama mkwe wake akafika, akamshika kifundo kama alivyozoea.

"Shikamoo mama! Teremka, teremka! Shika kiganja!"