Vitalu Vitatu Visivyotiwa Mbolea

Namshukuru Mungu aliyenipa macho ya kusoma, miguu ya kukanyaga matope ya Kakamega, na umri wa kutosha kuyasimulia yote mawili. Sifa ni zake kabla sijaanza habari zangu.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye kituo cha utafiti wa miwa nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya kanisani. Afisa Mkuu wa Utafiti, mzee mrefu asiye na haraka, alivitazama viatu, akanitazama mimi, akacheka.

"Binti, chuo kikuu kimeniandikia kwamba akili unayo. Sawa. Mimi nitaangalia kama kesho utarudi shambani."

Nilikuwa natafuta shahada ya uzamivu. Miaka ile miwa ilikuwa imechangamsha magharibi yote: matrekta yalipita tangu alfajiri, mabati mapya yaling'aa vilimani, hata kwaya zilishona sare mpya. Swali langu lilikuwa la kila mkulima: je, kwa udongo wetu, muwa unahitaji mbolea kiasi gani?

Nilipewa sehemu ya shamba la Mama Tabitha, mkulima wa upande wa Khwisero aliyenikaribisha pia nyumbani kwake. Tuliigawa vitalu kumi na viwili. Tisa vilitiwa mbolea kwa vipimo tofauti, na vitatu havikutiwa kitu. Hivyo vitatu huitwa vitalu vya ulinganisho. Huonyesha udongo peke yake unaweza nini. Bila hivyo, vile tisa havisemi lolote.

Muwa huchukua karibu miaka miwili kukomaa, na hapo ndipo wanafunzi wa uzamivu huzama. Hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Kufikia mwezi wa nane wa jaribio nilikuwa hodari wa kuhudhuria arusi na kuchonga penseli. Alhamisi moja Mama Tabitha aliniwekea obusuma, yaani ugali, na mboga, akaniuliza, "Wiki hii umeandika nini?"

"Bado nasoma, Mama."

"Unasomanga tu? Na mimi nikisema bado natazama jembe, hapa utakula nini?"

Nilicheka, lakini lilinichoma. Nikaweka agano: ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya uji, na kila Alhamisi nimsomee Mama Tabitha kwa Kiswahili. Hakuwa msikilizaji mpole. "Hapo umenizungusha," alisema. "Rudia." Nilirudia, na mara nyingi niligundua kwamba hata mimi sikuwa nimeelewa.

Mwezi wa kumi na nne nilikwenda kupima urefu wa miwa, na utamu wake kwa refraktometa, kidude cha mkononi kinachosoma sukari katika tone la maji ya muwa. Vile vitalu vitatu vilikuwa vya kijani kibichi, virefu kama wenzao. Nilichimba kwa kidole kwenye shina. Samadi ya ng'ombe.

"Mama, nani ametia samadi hapa?"

"Ni mimi," alijibu kwa fahari. "Tangu miwa ikiwa magotini. Mgeni wangu, miwa yake iwe ya njano, watu wapite wakienda kanisani waseme Tabitha amemnyima mgeni? Ningeweka uso wangu wapi?"

"Lakini Mama, nilitaka iwe mibaya!"

Aliweka ndoo chini. "Mukhana wanjye, binti yangu, ni nani hupanda ili apate kitu kibaya?"

Niliketi ukingoni mwa shamba. Shahada yangu yote ilisimama juu ya vitalu vile vitatu. Ningeweza kubuni namba ndogo ndogo, na hakuna ambaye angejua. Nakiri nilishika penseli. Kisha nikaomba, nikapanda baiskeli, nikamweleza Afisa Mkuu kila kitu.

"Ungeniletea namba safi ningekuamini," alisema. "Basi hiyo ndiyo ingekuwa hasara. Mwandikie msimamizi wako leo."

Jibu la Profesa, msimamizi wangu, lilikuwa mistari miwili: nianze upya na ratuni, yaani miwa inayochipua tena kwenye visiki baada ya kukatwa, upande wa shamba ambako samadi haikufika. Ni mwaka na nusu mwingine. Nililia siku moja. Asubuhi iliyofuata niliandika ukurasa wangu kabla ya uji.

Jumapili Mama Tabitha alisimama wakati wa ushuhuda. "Ndugu zangu, mkiona kwangu miwa myembamba ya njano, msiniombee. Ni ya masomo. Nimekatazwa kuihurumia." Kanisa lote liliangua kicheko, mchungaji akashika mimbari. Tangu siku hiyo alivilinda vitalu kama kuku mwenye vifaranga. Hata mumewe alifukuzwa na toroli lake la samadi.

Siku ya kupima, miwa ya ulinganisho ilikuwa midogo, imepauka rangi. Mama Tabitha aliinua mikono. "Mibaya kabisa! Bwana asifiwe!"

Katika tasnifu niliandika pia sura fupi juu ya vitalu vilivyoharibika, kama vilivyokuwa. Kwenye utetezi Profesa aliuliza, "Samadi hiyo ilikuwa kiasi gani?" Nilijibu, "Hakuna aliyeipima." Akatabasamu, nikafaulu. Lakini swali lake lilinifuata. Nilirudi kituoni, nikaipima samadi kwa miaka yote ya utumishi wangu, nikafundisha wakulima wenye ng'ombe wawili na mbolea kidogo. Riziki yangu ilitoka kwenye ile sura niliyokaribia kuificha kwa namba za kubuni.

Sasa nimestaafu. Vijana hunijia wakiuliza nilipata wapi moyo. Moyo ulikuwa ukija na kuondoka, wanangu. Nilichokuwa nacho ni ukurasa wa asubuhi, na mtu mmoja wa kila Alhamisi niliyeona haya kumdanganya.

Wewe unayesoma haya na kazi yako bado haijaisha, Mungu akuamshe kesho ukiwa na nguvu ya ukurasa mmoja, akupe mtu wa kukuuliza umeandika nini, na akufikishe siku ya mavuno ukicheka. Amina.