Uso wa Kui

Elphas, mchoraji wetu wa mtaa wa Rhonda, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwachia mtu sura yake. Ukimpa picha akuchore, meno yaliyopishana anayapanga, kovu analiondoa, halafu anachukua pamba na kusugua penseli mpaka mistari yote inapotea na uso unang'aa kama sufuria mpya. Wateja walimpenda kwa hilo. Hata mimi, ninayeshona nguo mlango wa pili, alinichora nikatoka msichana, na sikulalamika.

Siku hiyo Wachuka aliingia kwake akitoka Sachangwan. Nyumba yake ilikuwa imeungua, na ndani yake binti yake Kui, na simu, na kila picha ya huyo mtoto. Jeneza lilikuwa limefungwa lisifunguliwe tena. Mazishi yalikuwa kesho yake, na kwao jeneza hutanguliwa na mtu aliyebeba picha ya marehemu.

"Sasa atabebewa nini?" Wachuka aliuliza. "Fremu tupu?"

Elphas akampa kiti. "Pole sana, mathe. Macho yake yalikuwa aje?"

"Macho tu. Ya kawaida."

Akachora, akasugua kwa pamba. Akatokea msichana mrembo wa kwenye kalenda. Wachuka akatikisa kichwa. Akachora mwingine, mrembo zaidi. Hapo mama akaanza kulia, na mimi nikaweka mkasi chini nikaenda mlangoni pake.

"Unanifutia mtoto!" alisema. "Asubuhi nilikuwa namwona. Sasa naona huyu wako. Hata pua ya Kui siijui tena!"

Hasira zilinipanda. "Wewe Elphas, tupa hiyo pamba!" nilimfokea.

Akaitupa. "Mathe, wacha sura kwanza. Ukimwita, alikuwa anafanya aje?"

Wachuka alisema Kui hakuwa mtu wa kuitika. Aligeuza kichwa tu, kidevu juu, kama mtu aliyesumbuliwa. Akageuza chake kumwonyesha.

Elphas akashusha penseli bila kuinua mkono, kutoka sikioni, chini ya shavu, akaikandamiza pale kidevu kinapopanda mpaka karatasi ikakwaruzika. Ulikuwa mstari mmoja mweusi, mnene, wenye kiburi.

Wachuka akashika mdomo.

Elphas, roho juu, akasogeza penseli aweke jicho. Mama akafunika karatasi kwa mkono.

"Wacha hivyo."

"Lakini mathe, hana macho. Hana mdomo. Watu watasema nini?"

"Ukiongeza kitu ataenda tena."

Nilienda mazishini. Dada yake Wachuka alibeba mchoro ule kwenye fremu mbele ya jeneza, na watu wakanong'ona kwamba mama amechanganyikiwa. Mimi nililia mpaka nikaona aibu. Wachuka alikuwa anatembea macho yakiwa kwenye ule mstari, akiita, "Kui! Wewe Kui!" kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula.