Majina Mawili ya Mgonjwa Mmoja

Benchi za kliniki nazijua kwa mgongo wangu. Binti yangu ana selimundu, na mwenye mtoto wa selimundu halali, anasinzia tu.

Tulipokaa Soweto, Mbeya, baridi ya Juni ilikuwa ikimkamata mifupa mpaka anashindwa kuvua viatu. Kliniki ya kule wakamwanzishia vidonge, wakampandishia dozi polepole, akatulia. Akaanza hata kuruka kamba. Muuguzi aliniomba ruhusa taarifa zake ziunganishwe na za wagonjwa wa hospitali nyingine, ili madaktari wajifunze dozi gani inawafaa watoto. Nilikubali. Si kwamba niliipenda sayansi, nilitaka tu kuwahi nyumbani.

Kisha mume wangu akapata kazi kiwandani Mgololo, tukahamia kwa mama yake, Ipogolo, mkoa uleule wa kiwanda. Mimi nilibaki nyuma kufunga mizigo, mama mkwe akaja, akatangulia na mjukuu. Wiki ileile mtoto akazidiwa. Bibi akamkimbiza hospitali na kumwandikisha kwa jina analomwita yeye. Kwao mjukuu wa kike wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba, basi. Jina la ubatizo, ambalo ndilo lililotumika Mbeya, hakuwahi hata kulitamka.

Nilipofika nikamweleza daktari dozi ya Mbeya. Akatafuta kwenye kompyuta lile jina la bibi, nami sikufikiria kumtajia jingine, hakupata kitu. Kadi ya zamani ilikuwa imepotelea kwenye mizigo. Akaanza upya na dozi ya chini.

Maumivu yakarudi. Kila kliniki nilibembeleza dozi iongezwe, kila kliniki daktari akasita. Nikanuna, naye akanuna, tukawa kama mawifi. Nilimchukia yule kijana wa watu, sitaficha.

Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamfokea mbele ya mama mkwe na mtoto.

“Mama, nielewe,” akasema. “Kwenye data tunazoshirikiana, watoto wa umri wake waliofika dozi hiyo ni wachache. Mmoja wa Mbeya alikuwa anaendelea vizuri kabisa, ghafla akaacha kuja. Simu haipatikani. Wamemhesabu amefariki. Sasa mimi nimpandishie wako kwa moyo gani?”

Nilikuwa nimebadilisha laini tulipohama. Nikamtajia jina la ubatizo, nikamwomba atafute hilo.

Akaandika. Akanigeuzia skrini: tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu, mtaa wetu wa Soweto, namba yangu ya zamani.

“Kuna nini?” mama mkwe akauliza.

“Bibi, mjukuu wako yumo humu mara mbili. Mmoja amekufa, na huyu mwingine tumemnyima dozi yake kwa kumwogopa yule aliyekufa.”

Mama mkwe akavuta khanga mabegani. Nilidhani atabisha, maana kwa jina lile habishiwi na mtu.

“Futa langu, mwanangu,” akasema taratibu. “Weka hilo la kanisani. Nyumbani nitamwita ninavyojua mimi.”

Sikuwa na nguvu za kumlaumu, wala za kumshukuru. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia ni kazi. Binti yangu, aliyekuwa amelalia mapaja yangu akijikanda goti, akainua kichwa.

“Kwa hiyo nilikuwa naumwa kwa sababu nilikufa?”

Daktari ndiye aliyemjibu.

“Ndiyo,” akasema, akaanza kuandika dozi ya Mbeya.