Maji ya Debe Namba Saba

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "karibu ukwaju," masikio yangu yanapata moto. Vijana wenzangu wakitaka kunimaliza mbele ya watu hawahitaji matusi, wanauliza tu, "Maganga, hayo ya birika gani?" basi nainamisha kichwa na kujifanya natafuta kitu chini. Lakini ninyi hamkuwapo siku ile, kwa hiyo acheni niwaeleze mwenyewe, maana mkisubiri wengine mtasikia kwamba nilimnywesha mgeni wa wilayani mkojo wa bibi yangu, na hilo si kweli. (Yaani si kweli lote.)

Chanzo ni Zuhura. Hapana, yeye hakukosa kitu, chanzo ni mimi, ila bila Zuhura nisingehangaika na debe lile hata siku moja.

Zuhura ni binti wa Mzee Sudi, fundi bati, mtu wa Tabora mjini tangu babu zake, ambaye alihamia kijiji chetu cha Ujamaa huku Goweko wakati sote tulipohamia, yeye na nyundo yake na mkasi wake wa kukatia bati. Tulisoma naye darasa moja mpaka la saba. Alikuwa na desturi yake, tukitoka shule ananunua nyanya moja, anafungua kipande cha gazeti alichofungia chumvi, anachovya, anauma, anachovya tena. Siku moja akanikuta namwangalia (kazi yangu ilikuwa kuangalia, kusema sikuweza), akacheka akasema, "Maganga, nyanya za hapa hazina ladha. Siku nikipata nyanya tamu kweli, nitaila bila chumvi."

Majina yalipotoka, yeye alichaguliwa kwenda sekondari Tabora, mimi sikuchaguliwa. Nilimsindikiza stesheni nikiwa nimembebea sanduku, na njia nzima sikusema neno, mpaka gari moshi lilipoanza kusogea akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Niandikie basi. Hata mistari miwili."

Mistari miwili! Mtu angeona ni kazi ndogo. Nilinunua karatasi, nikaandika "Hujambo Zuhura, mimi sijambo," kalamu ikasimama hapo, maana sijambo yenyewe ilikuwa ya uongo. Karatasi ile ilikaa chini ya mkeka mpaka ikageuka rangi. Jioni gari moshi la Tabora likipiga honi nilikuwa naacha jembe na kugeuka kutazama upande wa reli, kama vile kuna mtu ameniita.

Mwaka uliofuata bwana shamba akatuletea jambo jipya. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, maji yako mbali, akasema tupande nyanya kwenye madebe liwe shamba la mfano. Mzee Sudi akatoboa matundu chini ya kila debe, tukajaza mchanga na samadi iliyooza na pumba za mpunga, tukayaweka juu ya mawe mbele ya ofisi ya kijiji, kila kijana na debe lake. Langu lilikuwa namba saba. Kila wiki tukawa tunatia mbolea ya chumvichumvi, na miche ikanenepa kama ng'ombe wa masika, lakini baadaye juu ya udongo pakafanya ukoko mweupe, majani yakaungua pembeni, na nyanya ya kwanza kuiva ilikuwa na uchungu wa ajabu.

Bibi yangu, Bibi Nyamizi, alikuja kutazama ule ukoko akanitania, "Babu zako walibeba chumvi begani kutoka Uvinza mpaka wakaota sugu. Wewe imekufuata kwenye debe, na bado umenuna!"

Bwana shamba hakucheka. "Mnalisha chumvi tu, hamuoshi," akasema. "Udongo unaoshwa. Siku kumi kabla ya kuchuma acheni mbolea, mwagieni maji mengi, yapite katikati yatoke chini, na hiyo chumvi itatoka nayo. Halafu mwonje yale yanayotoka. Yakikata ulimi, bado."

Vijana wakaangua kicheko. Maji yale yalikuwa ya rangi ya chai, kwa sababu ya samadi, na siku hiyohiyo wakayabatiza jina: mkojo wa nyanya. Nani aonje mkojo wa nyanya? Wote walimwaga ndoo moja moja wakaenda zao.

Mimi nilionja, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba baada ya siku kumi atakuja mgeni kutoka wilayani, pamoja na wanafunzi wa sekondari, na Mzee Sudi, huku anagonga bati wala hanitazami, akasema, "Na Zuhura yumo."

Basi siku kumi nilitembea kisimani na kurudi, ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, namwaga polepole, nakinga chini kwa bakuli, naonja. Siku ya kwanza ulimi ulikufa ganzi. Siku ya nne ilikuwa kama machozi. Siku ya nane nikasikia ladha ya udongo tu, nikakaa chini pale kwenye mawe peke yangu nikafurahi kama mtu aliyepokea barua. Sikuwa natafuta kumpendeza mgeni mimi. Nilitaka jambo moja tu, Zuhura aume nyanya yangu bila kufungua kile kigazeti chake cha chumvi, nami nimwone. Niliona hilo lingekuwa limesema yote niliyoshindwa kuandika.

Siku yenyewe nikataka kuonja mara ya mwisho, bakuli silioni, limechukuliwa kwa ajili ya mchuzi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, mdogo kabisa, wala sikufikiri mara mbili. Kwenye baraza ya ofisi palikuwa na mabirika mawili ya wageni. Moja shangazi yangu Tatu alikuwa amelijaza ukwaju, la pili lilikuwa tupu, limebanduka rangi mdomoni. Nikasema nalichukua hili tupu, nakinga, naonja, nalisuuza, nani atajua? Nikaliweka chini ya debe namba saba, nikamwaga ndoo zangu mbili, likajaa. Nikaonja. Safi! Na palepale nikasikia lori linanguruma kwenye kona ya shule.

Wamewahi, na mimi niko na shati la kazi lenye samadi mpaka kwenye kola. Nikalinyakua birika, nikakimbia nalo barazani, nikalirudisha lilipokuwa nikalifunika na kifuniko chake, nikijiambia nitakuja kulimwaga nikishabadili shati. Nikaenda, nikabadili, nikapaka na mafuta kidogo. Niliporudi Zuhura alikuwa anashuka kwenye lori.

Amerefuka. Sketi ya shule, soksi nyeupe, vumbi la njia nzima usoni, na bado kicheko ni kilekile.

"Maganga! Hujambo? Ile barua ilipotelea posta au ilipotelea mkononi?"

"Sijambo," nikasema. Halafu nikasema tena, "Sijambo." Ndiyo maneno yangu yote hayo, baada ya mwaka mzima.

Birika lilikuwa limetoka kichwani mwangu kabisa.

Mgeni alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye miwani. Akakaribishwa mezani chini ya kibanda cha makuti, wazee wakakaa mbele, Bibi Nyamizi akiwa wa kwanza na kanga yake mpya, nasi vijana tukasimama kila mtu nyuma ya debe lake. Mwenyekiti akasema Zuhura ni mtoto wa hapa, awakaribishe wageni vinywaji. Shangazi Tatu akayainua mabirika yote mawili, akalisikia la pili nalo zito, akamshukuru Mungu kwamba mwenzake mmoja ameongeza ukwaju, akatia sukari akakoroga. Hakuonja. Alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani, na shangazi yangu akifunga hata ncha ya ulimi haigusi kitu.

Nikaona Zuhura ameshika birika. Ni lile lililobanduka rangi mdomoni.

Jamani, nisemeje? Miguu ilitaka kwenda, mdomo ulitaka kufunguka, lakini kulikuwa na watu kama mia pale, na Mwenyekiti, na wanafunzi wa sekondari wanaosema maneno marefu, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kupaza sauti mbele ya watu hata kumfukuza mbuzi. Nikajiambia labda ataonja kidogo aache. Mgeni akanywa. Akalamba midomo. Akatazama ndani ya glasi, halafu akawatazama wazee wanaomtazama, akanywa yote.

"Ukwaju wa huku una nguvu," akasema kwa adabu.

"Mwongezee mgeni!" akasema Mwenyekiti kwa furaha.

Akaongezewa. Akanywa na ya pili, na mimi nimesimama nyuma ya debe natoka jasho. Kisha mgeni akasema, "Na wewe binti umechoka na safari, kunywa," na Zuhura akajimiminia, akainua glasi.

"Zuhura usinywe!" Sikujua ile sauti ilitoka wapi. "Usinywe! Ni mkojo wa nyanya!"

Watu wote wakanigeukia. Hata kuku waligeuka.

Sasa sisi huku mama wa mama yako ni bibi, na nyanya ni hizi za kutia kwenye mchuzi. Lakini kwao mgeni, pwani, nyanya ni bibi. Alishusha glasi polepole, akanitazama. "Mkojo wa nani?"

"Wa nyanya," nikasema. "Wa nyanya yangu." Maana debe lilikuwa langu!

Mgeni akageuka taratibu akamtazama Bibi Nyamizi, ambaye alikuwa amekaa mbele yake na kanga mpya. Bibi akaruka kama mwali. "Yaya! Yaya!" akakataa kwa Kinyamwezi, halafu kwa Kiswahili ili serikali ielewe, "Mimi sijakojoa popote, ndugu mgeni! Tangu asubuhi nimekaa hapa!"

Basi. Watu walianguka. Mwenyekiti alikuwa anataka kukasirika lakini machozi ya kicheko yanamtoka, bwana shamba anakimbia huku na huku anaeleza kwamba ni maji tu yaliyopita kwenye udongo, kwamba yameoshwa siku kumi, kwamba chumvi haimo, na shangazi Tatu ameshika kichwa anasema, "Na sukari nimetia! Na sukari!" Mgeni mwenyewe (Mungu ampe maisha marefu) alivua miwani akaipangusa akasema, "Kama ndivyo, kijana ameosha vizuri."

Yangeishia hapo ningepona. Lakini Mzee Sudi akasimama, na nyundo yake mkononi, akauliza taratibu mbele ya kijiji kizima, "Hebu kwanza. Mgeni kanywa glasi mbili, Maganga umenyamaza. Binti yangu kashika glasi moja, ndipo umepata sauti. Kwa nini?"

Nikainamia debe langu. Jibu halikuhitajika tena. Kicheko cha mara ya pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na nilipothubutu kuinua macho nikamwona Zuhura amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na sikujua kama anacheka au anaona aibu, na mpaka leo sijui.

Kwa kuomba radhi, halmashauri iliamuru nyanya zote zilizoiva apewe mgeni. Za debe namba saba zilikuwa tano. Nilizichuma mwenyewe, nikaziweka kwenye kikapu pamoja na nyingine zote, lori likapakia, wanafunzi wakapanda. Zuhura alikaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia. Akaingiza mkono kwenye kikapu, akapekua, akatoa nyanya moja, akainua nione. Niliitambua, ilikuwa na kovu dogo karibu na kikonyo. Kisha mkono wake mwingine ukaingia mfukoni, ukatoka na kipande cha gazeti kilichokunjwa.

Lori likaondoka. Vumbi la Goweko mnalijua, sikuona zaidi ya hapo.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitatia kwenye birika kitu ambacho sitaki mgeni anywe, hata kwa dakika moja. La pili, nikiwa na neno nitalisema likingali birikani, sitasubiri lifike kwenye glasi ya mtu.

Na hili la pili nimeanza kulitimiza. Juzi nilitoa ile karatasi chini ya mkeka, nikaipeleka posta nikiwa nimeongeza mstari mmoja tu, ikatimia miwili kama alivyotaka. Hujambo Zuhura, mimi sijambo. Je, ulitia chumvi?