Nilimwonea wivu Mzee aliyepewa chumba chake peke yake hospitalini

Wakuu wa jukwaa, niaje. Mnaonijua mnajua huwa natia chumvi. Leo nimetia ya kuonja tu, mengine yote nimeyaona kwa haya macho.

Nilianguka kutoka paa la mabati kule Baba Dogo, nyonga ikavunjika. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa mpira wa mkojo, ule wa katheta, mfuko ukining'inia kando ya kitanda.

Wakuu, ule mpira niliupenda! Unakunywa uji debe zima na hunyanyuki. Sister akisema, "Baba Wambo, tuutoe ujifunze kutembea," mimi nalia maumivu mpaka wodi nzima inanihurumia.

Kitanda cha pili alikuwa Mzee Ochieng' wa Komarock, mstaafu wa reli. Yeye mpira alikuja nao kutoka nyumbani. Tulikuwa tunaisengenya chai ya hospitali pamoja kama ndugu.

Asubuhi moja wakamhamisha. Chumba chake peke yake! Sinki yake, dirisha lake la kioo. Kila nesi anayeingia anavaa gauni na glavu mpya kama anamhudumia gavana. Madaktari wanaenda msafara.

Mimi nikaletewa jirani anayekoroma mpaka Dandora wanasikia.

Wivu ulinichoma kuliko nyonga. Mtu tumekula ugali pamoja, leo ni VIP, hata salamu hatumi! Mke wangu alipokuja nikamwambia, "Mama Wambo, tafuta mtu tunayemjua hapa, nami nihamishwe."

"Tunamjua nani, na wewe marafiki zako wote ni mafundi wa mabati?"

Basi nikamvaa sister mwenyewe. "Kwani mkojo wetu sisi ni wa matope? Nataka kile chumba."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Unataka na kidudu chake?"

Kumbe Mzee alipata maambukizi kupitia ule mpira. Huko nyumbani, kila mkojo ukimchoma, watoto walimnunulia vidonge kwa kemisti. Akipata nafuu anaacha. Uchungu ukirudi, vidonge vingine. Kidudu kikazoea dawa. Lab imejaribu antibiotic hii na ile, zote zimegonga mwamba. Imebaki moja ya sindano, na figo zake zimeshachoka. Amewekwa kando ili kisitufikie kwa mikono ya wauguzi.

"Na mpira ukikaa bila sababu, huo ndio mlango wake," sister akasema. "Wako una sababu?"

Wakuu, nilipona hapo hapo. "Toa. Toa sasa hivi!"

Safari yangu ya kwanza ya choo, na magongo, ilikuwa ndefu kuliko ya Mombasa. Nilipopita dirisha la Mzee, akaniona.

"Omera, ndugu yangu! Unaenda kukojoa kwa miguu yako?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haki ya Mungu, nakuonea wivu."

Nikampungia gongo moja, nikaendelea na safari.

Sasa niko nyumbani. Mzee bado yuko kile chumba, sindano inapigana.

Nilichojifunza: ukiwa na mgonjwa mwenye mpira, uliza kila siku utatoka lini. Na antibiotic si njugu za kuonja onja. Kama daktari hajakuandikia, wacha. Kama amekuandikia, kunywa vile alivyosema.

Nani mwingine hapa amewahi kutamani kitanda cha jirani? Semeni. Na mwenye neno la kumpa Mzee aliandike, Jumapili naenda kumsomea pale dirishani.